Wayahudi wanaamini riziki ya mtu inapangwa na Mungu, sasa mbona wanahangaika na biashara kama sisi?

Mchuuzi_Kibirizi:
Wakuu salaam. Juzi tulibishana sana mwaloni hapa Kibirizi hadi chai ikapoa. Kuna mama mmoja jirani yangu kwenye vichanja, kila akiambiwa anunue turubai anasema Mungu ndiye mlinzi wa mali yake, basi mvua ya alasiri ikamkuta dagaa wamekauka nusu, asubuhi wote wamekuwa uji, wananuka, nzi wamejaa, hata wa chakula cha kuku hawafai. Sasa akatokea jamaa Msabato akasema mama yule ana imani ya Kiyahudi kabisa, eti Wayahudi wanaamini kila tonge la mtu limeshaandikwa juu. Mi nikamuuliza kama limeandikwa mbona hao watu tunasikia wana maduka, mashamba, viwanda, wanapiga hesabu usiku na mchana? Akakosa jibu akaanza kunihubiria. Wanaojua hii dini naomba mnieleweshe, sio kunihubiria tena.

Mwl_wa_Dini_Tbr:
Mkuu, huyo Msabato ana nusu ya habari. Ni kweli kwenye Talmudi, ule mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wao wa kale, kitabu cha Beitza, kuna neno kwamba mapato ya mtu ya mwaka mzima yanakatwa kuanzia sikukuu ya mwaka mpya wao, Rosh Hashana, mpaka Yom Kipuri, sikukuu yao ya toba, siku kumi tu hizo. Isipokuwa matumizi ya Sabato na sikukuu na gharama za kufundisha watoto Torati, hayo hayamo kwenye bajeti.

Lakini Talmudi hiyohiyo inasema mtu asisimame mahali pa hatari akingoja muujiza, na inasema baba ana wajibu wa kumfundisha mwanae kazi, Rabi Yehuda akaongeza kwamba asiyemfundisha ni kama anamfundisha unyang'anyi. Kwahiyo mama wa dagaa asitafute utetezi huko, turubai angenunua.

Soma mana kwenye Kutoka 16 utaelewa wanavyofikiri. Kila mtu pishi moja kwa siku, ukilaza mpaka asubuhi inaingia mabuu, Ijumaa unaokota mara mbili na Jumamosi ukitoka nje hukuti kitu. Hapo wanafundishwa wasijilimbikizie. Alafu angalia Yoshua 5, walipokula mazao ya Kanaani mana ikakoma palepale, wakashika jembe kama watu wengine. Ndo maana Kumbukumbu la Torati 8 inawaonya watu walioshiba na kujenga nyumba nzuri wasije wakasema ni nguvu za mikono yetu. Ingewaonyaje hivyo kama walitakiwa kukaa tu?

BintiUjiji:
Mbona hii ni tawakali tu jamani, sisi tumeambiwa mfunge ngamia kwanza ndo utawakali. Swali langu mimi lingine mwalimu, mwizi je? Maana kuna watu hapa mjini wanajulikana kabisa na mambo yao yananyooka kuliko ya wanaoamka alfajiri.

Kijana_Isevya:
@BintiUjiji hilo waliliuliza zamani sana. Mtu kaiba ngano, kapanda. Kwa haki isingeota. Talmudi inajibu kwamba dunia inakwenda kwa desturi yake, ngano inaota, na aliyeiba atakuja kujibu. Mi hilo jibu nalipenda kwasababu halidanganyi mtu.

Ila mjue hata wao hawakubaliani. Maimonides, yule mwanachuoni aliyekuwa tabibu Misri, kafariki 1204, alisema uangalizi wa Mungu kwa mmojammoja ni wa binadamu, tena kwa kadiri akili ya mtu ilivyomwelekea Mungu, lakini buibui akimkamata nzi hakuna amri maalumu iliyotoka mbinguni, imetokea tu. Yani mgebuka akimeza dagaa pale ziwani Mungu hajaitisha kikao. Baadaye akaja Baal Shem Tov, mwanzilishi wa Wahasidi, kundi moja la Wayahudi washika dini, kafariki 1760, yeye akafundisha hata jani likigeuzwa na upepo limegeuzwa kwa makusudi. Kwahiyo ukisema "Wayahudi wanaamini hivi" uulizwe wepi.

Karabai_Moja:
Mimi ni mvuvi, vitabu sijui sana ila hii ya mwaka wa saba imenigusa. Sheria yao shamba linapumzika mwaka wa saba, Walawi 25, na swali la tutakula nini limeandikwa mlemle, jibu likawa mwaka wa sita utazaa wa kutosha. Hadi leo kule Israeli wapo wakulima wanaoshika, wa mwisho ulianza Septemba 2021.

Sasa 2024 serikali ilifunga ziwa letu la Tanganyika kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti samaki wazaliane, miezi mitatu tu, na nyumba zilitikisika, watu wameuza injini. Mwaka mzima je? Kwa mbalamwezi tumezoea kukaa bila kuvua siku kadhaa, hilo halina shida, ila kukaa wakati dagaa wapo na mwenzako wa ng'ambo anavua, hapo ndo unajua kama una imani au una maneno.

Kijana_Isevya:
@Karabai_Moja na wao iliwashinda wengine mkuu. Mwaka huohuo wa saba madeni yalikuwa yanafutwa, basi ukikaribia matajiri wanaacha kukopesha maskini. Mzee Hillel, zama za Herode, akatunga hati inaitwa prozbuli, unakabidhi madai yako kwa mahakama ili yasifutike. Na mashamba, tangu 1889 wapo marabi walioruhusu yauzwe kwa muda kwa asiye Myahudi, wengine wanapinga mpaka kesho. Mi nasema wako sawa waliotafuta njia, imani isiyomlisha mtoto ni ya nini.

Mchuuzi_Kibirizi:
Asanteni sana, nimepata. Mwalimu hiyo ya gharama za kufundisha watoto kuwa nje ya bajeti, inakuwaje? Mtu akichukua kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, alipe ada bado anarudishiwa?

Mwl_wa_Dini_Tbr:
😂😂 Wanasema akiongeza anaongezewa, akipunguza anapunguziwa. Ila pale wanazungumzia Torati, sio ada ya hizi shule zetu. Na kausha damu haimo kabisa, Kutoka 22 imekataza kumtoza maskini wa kwenu riba, kwahiyo huyo anayekukopesha ndo mwenye kesi.