Mrejesho: bei ya hisa kuporomoka kabla sijamaliza kuuza

Wakuu, nilieleza kwamba kwenye mchezo wa soko la hisa napandisha bei vizuri, ila nikianza kuuza inaporomoka. Asanteni sana! Nimefuata ushauri wa kuchagua kampuni yenye hisa chache sokoni, kununua kidogo kidogo, kisha kuuza mafungu madogo wakati wengine bado wanagombania kununua. Umekubali, mafungu ya kwanza nimeyauza kwa faida nono.

Ila kueneza uvumi ili bei ipande (kwenye soko halisi ni kosa la jinai) kuligoma. Msimamizi wa mchezo alisimamisha biashara ya hisa ile, na ilipofunguliwa bei ilikuwa chini kuliko niliyonunulia. Fungu la mwisho bado ninalo. Mwenye mbinu ya kuliuza bila hasara kubwa anisaidie.