Kuhamisha wimbo wa asili wa fidla kwenda filimbi ya bati na klarineti

Mpigafidla: Wanajukwaa, nina wimbo wa asili ulioandikiwa fidla. Msingi wake, yaani noti unapotua, ni A, alama ya ufunguo mwanzoni mwa mstari ni shapu moja (alama ya kupandisha noti kwa nusu toni), na noti zake zinaanzia G iliyo chini ya C ya kati hadi E5. Ningependa upigwe kwa pamoja na filimbi ya bati ya D na klarineti ya B-flati. Katika MuseScore, programu ya kuandikia noti, nilichagua kuuhamishia E maina kwa mwelekeo wa karibu, lakini hakuna noti iliyosogea. Nichague nini?

Noti_Kavu: Programu haitambui msingi wa wimbo, inachosoma ni alama ya ufunguo tu. Katika orodha yake G meja na E maina ni kitu kimoja, kwa kuwa zote zina shapu moja, na wimbo wako tayari unayo shapu hiyo. Wimbo wenye msingi wa A, F shapu na C isiyo na shapu ni wa modi ya doriani, yaani skeli kama ya maina ila noti yake ya sita iko nusu toni juu zaidi, na doriani ya E huhitaji shapu mbili, F na C. Kwa hiyo chagua D meja, hata kama jina hilo linaonekana geni kwa wimbo unaotua kwenye E. Chagua pia mwelekeo wa kupanda, kwa sababu ukiiachia programu itafute njia ya karibu, itashusha wimbo kwa nusu toni 5 badala ya kuupandisha kwa 7, na noti za chini zitaishinda filimbi. Ukipanda, G ya chini kabisa inakuwa D, ambayo ndiyo noti ya filimbi hiyo matundu yote sita yakiwa yamezibwa.

Mwanzi: Kuhusu klarineti, usihamishe chochote kwa mkono. Ongeza ala hiyo, unakili noti, kisha programu yenyewe itaziandika toni moja juu, kwa kuwa klarineti ya B-flati husikika toni moja chini ya kilichoandikwa, ingawa mpigaji wake atakutana na shapu nne na huenda akanung'unika. Kabla ya kuchapisha, hakikisha kitufe cha kuonyesha sauti halisi (Concert Pitch) kimezimwa, la sivyo atapewa karatasi ambayo noti zake hazijapandishwa kwa ajili ya ala yake.

Mpigafidla: Ahsanteni, sasa noti zimesogea na shapu mbili zimetokea. Lakini je, lile chaguo la kusogeza kwa hatua za skeli lisingetosha?

Noti_Kavu: Lisingetosha, ndugu. Chaguo hilo husogeza noti huku likibakiza shapu moja ileile, hivyo noti ya sita kutoka kwenye msingi mpya ingekuwa C badala ya C shapu, na doriani ingegeuka kuwa maina ya kawaida. Linafaa zaidi unapotafuta sauti ya pili ya kuambatana na wimbo, kwa mfano hatua mbili chini yake, ndani ya ufunguo uleule.