Ushauri: nichague rotesheni zipi mwaka wa intani wa saikolojia, kituo cha ushauri nasaha cha chuo (Marekani)?

mtarajiwa_wa_saiko
Wakuu habari zenu. Nimepata nafasi ya mwaka wa intani (mafunzo ya kazi chini ya usimamizi) wa PhD ya saikolojia kupitia APPIC, chama cha vituo vya mafunzo hayo, kwenye kituo cha ushauri nasaha cha chuo kikuu cha umma huku Marekani. Ni miezi 12, saa 2,000, kuanzia Agosti. Kazi za kawaida ni mahojiano ya kwanza, wateja wa mmoja mmoja na zamu ya dharura. Juu ya hizo, kila intani anachagua rotesheni mbili, yaani vipindi vya kazi kwenye eneo moja maalumu, moja muhula wa Agosti na nyingine muhula wa Januari, saa 6 kwa wiki. Zilizopo: tathmini ya ADHD (tatizo la umakini na kutotulia) na matatizo ya kujifunza, kikundi cha stadi za DBT (tiba ya kudhibiti hisia kali), pombe na dawa za kulevya, matatizo ya ulaji, na kumsimamia mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo.

Niko kwa viza ya F-1, ya wanafunzi. Nataka nikimaliza nifanye mwaka mmoja wa kazi huku kwa OPT (ruhusa ya kazi kwa mwanafunzi aliyemaliza), kisha nirudi Tanzania kufanya kazi kwenye chuo. Fomu inatakiwa Ijumaa ijayo. Natanguliza shukrani.

pwani_ya_kusini
Hongera sana mkuu. Kabla ya majina ya rotesheni, kaa na kalenda. APPIC inataka angalau robo ya muda wa intani iwe ana kwa ana na wateja, yaani saa 500 katika 2,000. Ukizigawa kwa mwaka mzima unaona saa 10 kwa wiki, ni chache. Ila wateja wako ni wanafunzi. Desemba wanaondoka, Mei wanaondoka, kiangazi chuo kinabaki kitupu. Mihula miwili ya wiki 15 ni wiki 30. Ondoa mbili za mwanzo za maelekezo, zimebaki 28. Ukitaka kumaliza saa zako kabla ya kiangazi, unahitaji karibu 18 kila wiki, na mteja asiyetokea hahesabiwi. Intani wengi wanalishtukia hili Aprili, wakati hakuna tena la kufanya.

Kwa hiyo muulize mkurugenzi wa mafunzo: katika hizo saa 6, ngapi ni za ana kwa ana? Tathmini ndiyo inayodanganya zaidi. Kesi moja ni mahojiano saa 1.5, vipimo saa 4 hadi 5, mrejesho kwa mwanafunzi saa 1. Hizo zinahesabiwa. Kusahihisha vipimo na kuandika ripoti, saa 8 hadi 10 kwa anayeanza, hazihesabiwi. Kwa saa 6 za wiki, kesi moja inakula karibu wiki tatu.

daftari_la_mizani
Naongezea hapo kwenye tathmini, kwa sababu ni rotesheni nzuri ikipangwa vizuri.

Kinachokwamisha kesi za ADHD mara nyingi ni ushahidi wa utotoni. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, inataka kwa mtu wa miaka 17 na zaidi dalili 5 au zaidi upande wa umakini au upande wa kutotulia, baadhi zionekane kabla ya miaka 12, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi. Mwanafunzi anafika wiki ya sita, wazazi wako mbali, ripoti za shule ya msingi hazipo, na wewe umeshampima saa tano. Ripoti inasimama. Dawa yake ni kuomba ripoti za shule na namba ya mzazi au ndugu mkubwa siku ya simu ya kwanza, kabla ya kumpangia tarehe ya vipimo. Usianzishe kesi mpya baada ya wiki ya 10. Mitihani ikianza hutampata kwa mrejesho.

Kosa la pili ni kuamini alama za dodoso peke yake. Anayelala kwa saa nne tu, anayevuta bangi kila jioni, mwenye sonona au wasiwasi, wote hujaza dodoso la umakini kwa alama za juu. Uliza usingizi kwanza, kwa undani: analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, wikendi je?

Kwa lengo lako la Tanzania: viwango vya WAIS, kipimo cha akili cha watu wazima, vimetokana na sampuli ya watu wa Marekani. Utakachobeba ni namna ya kuchukua historia na kuandika ripoti inayosomeka. Alama zenyewe usizihamishe hivihivi.

kiraka_cha_moshi
Mimi ningeweka pombe na dawa za kulevya muhula wa Agosti bila kusita. Wiki za kwanza za mwaka wa masomo ndipo wanafunzi wapya wanakunywa hovyo, na ofisi ya nidhamu inawaleta kwa wingi. Hutakosa wateja.

Vituo vingi hutumia BASICS, utaratibu mfupi wa kuwasaidia wanafunzi kupunguza unywaji, uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Washington. Ni vikao viwili tu. Cha kwanza, kama dakika 50, unafanya mahojiano na madodoso, likiwemo AUDIT, dodoso la unywaji wa pombe: maswali 10, alama 0 hadi 40, kuanzia 8 ni unywaji wa hatari, kuanzia 20 mpeleke kwa uchunguzi kamili wa utegemezi. Kati ya vikao mwanafunzi anaandika anachokunywa kila siku. Cha pili unampa mrejesho wake mwenyewe: kiasi chake ukilinganisha na wanafunzi wenzake, kiwango cha pombe kwenye damu usiku ule mbaya, fedha zilizokwenda.

Hapo kwenye kuhesabu ndipo intani wengi wanakosea. Kipimo kimoja cha Marekani ni gramu 14 za pombe halisi: bia mililita 355 ya asilimia 5, divai 148 ya asilimia 12, au pombe kali 44 ya asilimia 40. Kikombe chekundu cha sherehe kinaingia zaidi ya hapo. Mwambie amimine maji kwenye kikombe kama anavyomimina siku zote, kisha upime mbele yake. Ukifika nyumbani, chupa ya mililita 500 ya asilimia 5 ni kama vipimo 1.4, kwa hiyo "bia nne" za huku na za kule hazilingani.

Kosa jingine ni kubishana. Aliyelazimishwa kuja atasema "nakunywa kama wengine". Ukimpinga, kikao kimekwisha. Mrudishie maneno yake, kisha muulize yeye mwenyewe angependa nini kibadilike. Na kabla ya yote asaini fomu inayosema ofisi ya nidhamu itaambiwa nini: amehudhuria, amemaliza, basi.

Faida ya baadaye: chuo chenye washauri wachache na wanafunzi wengi kinaweza kubeba vikao viwili. AUDIT ya Kiswahili nayo ilishapimwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa wagonjwa wa majeraha ya kichwa.

nahodha_mkimya
DBT: uliza kama ni DBT kamili au ni kikundi cha stadi tu. Kamili ina tiba ya mtu mmoja mmoja, kikundi, msaada wa simu kati ya vikao, na timu ya wataalamu. Vituo vingi vya chuo vina kikundi peke yake, na mtaala wa stadi uliokusudiwa wiki 24 unabanwa. Wiki tatu za kwanza zinaishia kwenye kuwahoji na kuwachuja washiriki, kwa hiyo katika muhula wa wiki 15 unabaki na vikao visivyozidi 12. Ni stadi za kutosha kwa kudhibiti hisia na kustahimili dhiki. Hatari ni kumwingiza mwanafunzi anayejikata kila wiki kwenye kikundi kisicho na simu wala mtaalamu wake binafsi.

Matatizo ya ulaji usichukue kwa muhula mmoja. Kazi hiyo inakwenda na daktari na mtaalamu wa lishe, na maendeleo ni ya polepole. Mwaka mzima, au acha.

wakili_wa_karatasi
Ndugu, hakuna aliyegusa viza na ndiyo inayoweza kukuharibia mpango wako. Intani yako huenda ikapita kwa CPT, ruhusa ya kazi iliyo sehemu ya masomo kabla ya kuhitimu. Ukifikisha miezi 12 ya CPT ya muda wote, unapoteza OPT ya ngazi hiyo ya shahada. Intani ya miezi 12 kamili inakufikisha hapo hapo. CPT ya muda wote uliyokwisha kutumia kwenye mafunzo ya vitendo nayo inajumlishwa. Ile ya saa 20 kwa wiki au pungufu haihesabiwi humo. Likizo haisimamishi hesabu, kinachotazamwa ni tarehe zilizoandikwa kwenye I-20, ile fomu ya chuo ya hadhi yako ya mwanafunzi.

Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa wiki hii ukiwa na barua ya kituo. Waulize jumla ya siku zako, kisha muulize mkurugenzi wa mafunzo kama tarehe ya kuanza au kumaliza inaweza kusogea bila kupunguza saa 2,000. Pata jibu kwa maandishi. Na usianze hata maelekezo kabla I-20 haijaandikwa CPT.

mtarajiwa_wa_saiko
Asanteni sana wakuu, nimeshaandika barua pepe kwa ofisi ya kimataifa. Agosti naweka pombe. Januari nimebaki kati ya tathmini na kumsimamia mwanafunzi. Mnaonaje?

pwani_ya_kusini
Kama kwenye chuo cha huku nyumbani utategemewa kufundisha wengine, chukua usimamizi. Januari ni wakati mwafaka kwa sababu utakuwa umeshazijua kanuni za kituo. Hesabu yake kwa wiki: saa 1 na mwanafunzi, saa 1 hadi 2 kutazama video zake, nusu saa kusoma na kurekebisha maandishi yake ya kliniki, saa 1 au zaidi ya kikao chako na anayekusimamia kwenye usimamizi huo. Muulize mkurugenzi anaiweka wapi kwenye hesabu ya saa, maana wengi hawaihesabu kama ana kwa ana na mteja. Pia uliza nani mwenye leseni anayewajibika kwa wateja wa huyo mwanafunzi na anapatikana vipi saa ya dharura. Jina hilo na namba yake viwe kwenye mkataba wa usimamizi mnaosaini wiki ya kwanza.