Maganda ya .308: Lapua, Starline au ya kuokota? Yanajazwa mara ngapi?

Mwana_Pangani
Wakuu, habari za jioni. Nipo Boise, Idaho, nina bunduki ya .308 ya boliti na risasi najaza mwenyewe tangu mwaka jana. Nataka maganda 100 yatakayonidumu. Naona njia tatu: Lapua ya Ufini, ambayo bei yake huku ni karibu mara mbili, Starline ya Missouri, au Lake City, ya kijeshi, yaliyokwisha pigwa, jamaa mmoja kiwanjani ananiuzia kwa uzito kama chuma chakavu. Yapi yatadumu zaidi? Mimi si mtu wa mashindano. Kulungu msimu ukifika, shabaha Jumamosi, basi.

Fundi_Mtutu
Mkuu, kampuni ije baadaye. Kwanza tuambie unabanaje, yaani unalirudishaje ganda kwenye umbo lake kwa kalibu. Ganda likipigwa linatanuka mpaka linajaa chemba. Ukilibana upya ukasukuma bega (pale ganda linapopungua kuelekea shingo) nyuma kupita kiasi, likipigwa tena linavutika, na pa kuvutika ni palepale kila mara: juu kidogo ya kitako, ukuta unapoanza kuwa mwembamba. Shaba inaliwa hapo hadi siku moja unavuta boliti kinatoka kitako peke yake, mwili umebaki ndani ya chemba. Mimi nasukuma bega inchi 0.002 tu. Starline zangu ziko raundi ya 11, yaani zimejazwa mara hizo. Kabla sijanunua kipimo cha bega nilikuwa natupa baada ya raundi 4, maganda yaleyale, bunduki ileile.

Dada_Houston
Ya kilo usiguse kaka, labda ujue yametoka bunduki gani. Lake City ni maganda mazito na mazuri, sikatai. Ila mengi yamepitia rashasha, na chemba ya rashasha imeachwa na nafasi kwa makusudi ili isikwame. Maana yake ganda limeshavutika kabla hujalilipia. Halafu fataki za kijeshi (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) zimebanwa ukingoni, lazima uukwangue ukingo huo kwanza. Na ukuta ukiwa mnene nafasi ya baruti inapungua, kwa hiyo kipimo ulichozoea kwenye ganda jingine usikihamishie humo. Anza chini upya.

Mzee_Boliti
Lapua wanangu. Nimezika maganda mengi ya bei rahisi, na karibu yote yalikufa kwa tundu la fataki kulegea: unasukuma fataki kwa kidole inaingia! La Lapua linabaki limekaza muda mrefu, mradi hupakii baruti ya kupita kiasi. Zangu zina raundi 17. Lakini kila baada ya raundi 4 nalainisha shingo kwa moto. Shaba hii ni asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, kila ukiikunja inakakamaa. Shingo iliyokakamaa inapasuka tu, hata itoke wapi.

Kichwa_Moto
Kulainisha mbona rahisi, mimi nayamwaga yote kwenye makaa ya nyama choma, yakiwiva nayatia maji 😂

Dada_Houston
@Kichwa_Moto sicheki. Kitako hakitakiwi kulainika HATA KIDOGO. .308 inaruhusiwa mgandamizo wa hadi paundi 62,000 kwa inchi ya mraba, na kinachozuia moshi wa baruti usikurudie usoni ni ugumu wa kitako. Moto ni wa shingo na bega, sekunde chache. Hayo ya makaa yatupe yote.

Kichwa_Moto
Sawa dada, nimesikia. Yalikuwa 30 tu.

Safari375
Nyongeza kwa wenye magnum za mkanda (pete nene juu ya kitako cha ganda), .300 Win Mag au .375 H&H ya mwaka 1912 ambayo wazee wa safari kule nyumbani hawaiachi. Msiamini mkanda. Ukibana mpaka mwisho kwa kutegemea mkanda, ganda linakatika juu yake raundi ya 3 au 4. Pimeni bega, kama alivyosema Fundi. Na bunduki ya kujijaza yenyewe ni hesabu nyingine kabisa: yangu inayatupa mita sita huko, shingo zimebonyea, nikipata raundi 5 nashukuru.

Mwana_Pangani
Nimerudi. Nimekunja ncha ya klipu ya karatasi nikakwaruza ndani ya maganda niliyo nayo, 40. Matano waya unakwama kwenye mfereji juu ya kitako, palepale Fundi aliposema shaba inaliwa. Yamepigwa mara 3 tu! Kalibu nilikuwa naizungusha mpaka inagusa kishika-ganda, kisha robo zaidi, kama karatasi yake inavyosema. Basi naagiza Starline, na chenji inanunua kipimo cha bega.

Fundi_Mtutu
Hayo matano yabonde kwa koleo sasa hivi, kabla hayajajirudisha kwenye ndoo. Na pima urefu wa yaliyobaki: yakizidi inchi 2.015, kata.