Benki imekataa kunikopesha: naweza kujitoa katika ununuzi wa nyumba na kurudishiwa amana?

Mnunuzi wa Ngong
Ndugu zangu, mwezi uliopita nilitia sahihi mkataba wa kununua nyumba iliyo kwenye robo ekari karibu na Ngong kwa shilingi milioni 8. Nilimkabidhi wakili wa muuzaji laki nane, na salio lilikuwa lilipwe ndani ya siku 90 kwa mkopo wa benki. Juzi benki ilinijulisha kwamba ombi langu limekataliwa. Je, ninayo njia ya kujitoa?

Mama Wawili
Pole, ndugu yangu. Tazama kwanza kama mkataba unasema kwamba mauzo yanategemea kukubaliwa kwa mkopo. Usiposema hivyo, kunyimwa mkopo ni mzigo wako peke yako. Wangu haukusema, na laki tano zilikwenda hivi hivi.

Wakili Mstaafu
Mikataba mingi ya Kenya hufuata Masharti ya Mauzo ya Chama cha Mawakili ya mwaka 2015, ambayo humtaka muuzaji akupe notisi ya siku 21 kabla ya kuvunja mkataba na kuzuia amana, kwa hiyo bado unao muda. Angalia pia kama hati inaitaja ardhi hiyo kuwa ya kilimo, maana kwa Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ombi la kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi hupelekwa ndani ya miezi 6, na bodi ikikataa, ulicholipa ni deni unaloweza kulidai. Hata hivyo usikae kimya ukisubiri miezi ipite, kwa sababu muuzaji naye anaruhusiwa kupeleka ombi hilo. Je, muuzaji ana mke, na wanaishi humo?

Mnunuzi wa Ngong
Ndiyo, mzee, wanaishi humo na watoto. Nimeufungua ukurasa wa mwisho: ipo sahihi ya muuzaji na ya shahidi, ya mkewe sioni. Kifungu cha mkopo hakipo.

Wakili Mstaafu
Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya mwenzi, basi uliza kama alitia sahihi karatasi nyingine. Kama hakutia, hoja hiyo ina uzito kuliko ya mkopo. Wakili wako aombe mkataba usitishwe kwa makubaliano wakati pesa zingali mikononi mwa wakili wa muuzaji, nawe ujitolee kulipia gharama zake. Katika barua hiyo lisionekane neno “nimejitoa”, kwani muuzaji atalichukua kuwa wewe ndiye uliyevunja mkataba.