Ushauri wenu wakuu: kichwa cha udongo cha Nok, nikipime kwa njia gani?

Msafiri77: Habari wakuu. Nipo Ubelgiji. Nina kichwa cha udongo cha Nok, ule utamaduni wa kale wa Nigeria, kama sentimeta 20. Nataka kujua kama ni cha kale kweli. Kuna maabara inayopima umri kwa themoluminesensi, na nyingine inapiga eksirei kujua madini yaliyomo. Pesa yangu inatosha kipimo kimoja. Kipi? Siku ya tatu sijalala.

Mzee wa Kokoto: Madini hayakupi umri. Utaambiwa kuna silika, alumini na chuma, basi. Udongo ni wa zamani hata kama umefinyangwa jana. Unachotafuta ni lini uliingia motoni. Chembe za kwatzi, zile za mchanga zilizomo kwenye udongo, hutunza nishati ya mionzi ya ardhini. Moto unaifuta, hesabu inaanza upya. Kwa hiyo chukua themoluminesensi: maabara wanatoboa unga kidogo, wanaupasha moto, wanapima mwanga unaotoka. Sanamu nyingi za Nok ni za kati ya mwaka 900 na 400 kabla ya Kristo.

Binti Ikombe: Bibi yangu Mkisi anafinyanga vyungu huku Ziwa Nyasa, mashine hana. Anagonga kwa kidole anasikiliza. Chungu chenye ufa kinalia kama mtu mwenye mafua. Nok si ni wazi ndani? Gonga kwanza.

Mtumishi: Mbona hakuna anayeuliza kimefikaje Ulaya? Una karatasi?

Msafiri77: Nilinunua sokoni. Muuzaji alisema ni cha babu yake.

Mzee wa Kokoto: Unapima ujue, au unapima uuze?

Msafiri77: Haya, niseme ukweli. Kuna mteja ameshanipa kishika uchumba, nimelipia kodi ya nyumba. Anasubiri cheti tu. Na kidevu kilikuwa kimemeguka, nikakigandisha kwa gundi. Msinihukumu, vitu hivi vinauzwa kila siku na mimi sijaiba.

Mtumishi: Kodi umelipa kwa mali ya watu. Ufaransa yenyewe ilinunua sanamu za Nok, na mwaka 2002 ikakiri kuwa ni mali ya Nigeria. Wewe ni nani?

Mzee wa Kokoto: Na cheti kimoja hakitoshi. Wachakachuaji wanaokota vigae vya kale kweli, wanaviunga vinakuwa sura, wanapaka tope juu. Kikitobolewa penye kigae, cheti kinatoka safi, na sura ni ya juzi. Toboa sehemu mbili tatu, mbali na gundi yako. Kisha kipitishe kwenye skana ya hospitali, viungo vitaonekana. Skana iwe mwisho, maana eksirei inaongeza mionzi na kuvuruga umri.

Kitwana: Jamani, hii chai. Kajiunga jana, picha hakuna, kila akibanwa anaongeza sukari. Leteni maandazi.

Binti Ikombe: Hata mimi naanza kuona. Weka picha, kaka.

Msafiri77: Picha siweki, mteja ataitambua. Ila nimegonga, dada. Shavu la kulia linalia vizuri. La kushoto halilii kabisa.

Kitwana: Rekodi tusikie.

Mzee wa Kokoto: Usirekodi. Mpigie mteja leo, umwambie hilo shavu la kushoto. Pesa yake utaitafuta.

Msafiri77: Na kama kulia ni cha kweli?