Tupeane uzoefu: Likizo ya milimani na ndege uliowaona huko

Mpanda Sigi
Habari za Jumapili wakuu. Likizo za wengi wetu huishia ufukweni au kwenye simba na tembo. Leo naomba tuzungumze tunaopanda milimani kufuata ndege. Ulikwenda wapi, ulimwona nani, na nini kilikusaidia kumwona?

Naanza na Amani, Usambara Mashariki, kwa sababu ndiyo milima ninayoijua. Ukitoka Muheza unafika kwanza Sigi, kwenye lango la hifadhi, ambako nyumba ya mkuu wa stesheni ya reli ya Wajerumani bado imesimama. Sigi iko kama mita 450 juu ya usawa wa bahari, Amani yenyewe ni kama mita 900. Wageni wengi wanapitiliza moja kwa moja kwenda juu. Nawashauri mlale Sigi walau usiku mmoja, kwa sababu ndege wa msitu wa chini na wa juu si walewale, na barabara ya kupanda ukiitembea kwa miguu asubuhi unawaona wanavyobadilika njiani.

Juu Amani kuna bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Pembezoni mwake ndipo nilipomwona ndege niliyemtamani kuliko wote: mdogo, wa kijivu, kichwa kina wekundu wa kutu kwa mbali, mdomo mrefu mwembamba. Wanasayansi wanamwita Artisornis moreaui, kwa jina la Reginald Moreau aliyefanya kazi Amani tangu mwaka 1928. Duniani kote anajulikana hapo Usambara Mashariki na kwenye uwanda wa Njesi, kaskazini mwa Msumbiji, basi. Anapenda mitambaazi iliyofumana pale mti ulipoanguka na jua likapenya. Tulisimama na mwongoza wageni chini ya mtambaazi mmoja mpaka shingo zikauma. Yule kijana alizaliwa kijiji cha jirani. Alimtambua kwa sauti kabla mimi sijaona hata jani likitikisika.

Binti Korogwe
Asante kwa uzi huu kaka. Sisi tulikwenda upande wa pili, Usambara Magharibi, Lushoto, msitu wa Magamba, familia nzima pamoja na mama mkwe. Kule baridi ni ya kweli, bebeni masweta.

Nilichojifunza ni kuhusu shorobo, ndege wa msituni ambaye Waingereza humwita turaco. Shorobo wa Amani na shorobo wa Magamba ni ndege wawili tofauti, na kati ya milima hiyo kuna bonde la Lwengera tu! Mwongozaji alitueleza kwamba ndege wengi wa msitu wa mlimani hawathubutu kuvuka nyika yenye joto, kwa hiyo kila mlima umekaa na ndege wake kwa muda mrefu sana. Kuna ndege mdogo wa ardhini mwenye jina la Usambara kwenye vitabu, na huko Magharibi peke yake ndiko aliko.

Shorobo akiwa ametulia mtini ni kijani na bluu, unampita bila kumwona. Akiruka, mabawa yanafunguka mekundu kabisa. Mama mkwe alipaza sauti "Subhanallah!" mpaka mwongozaji akacheka. Wekundu ule unatokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake. Mwanangu wa darasa la tano ameliandika hilo kwenye daftari lake la sayansi.

Mdawida wa Wundanyi
Mmesahau kwamba Tao la Mashariki, yaani mlolongo wa milima ambao Usambara ni sehemu yake, linaanzia kwetu Kenya. Vilima vya Taita, shukeni Voi mpande matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate.

Msitu wetu umebaki vipande vipande juu ya vilele, katikati ni mashamba na miti ya kupandwa. Kipande cha Ngangao ni kama hekta 120 tu. Humo mnaishi ndege wawili ambao hawapo kwingine popote duniani isipokuwa Taita: mmoja ni mkubwa kidogo, mdomo wa rangi ya chungwa, anapekua majani makavu chini, mwingine ni mdogo wa kijivu, mkia mrefu, anajificha vichakani. Yule mdogo yuko kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Nimekulia hapo na nilimwona kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, likizo ya Desemba, nikimsindikiza binamu aliyetoka Mombasa. Nilitetemeka. Tangu siku hiyo nikipita kando ya Ngangao siongei kwa sauti.

Mkija, tafadhali msicheze rekodi ya sauti ya huyo mdogo kwenye simu ili ajitokeze. Anadhani mpinzani ameingia eneo lake, anaacha kula na kulisha makinda. Kwa jamii iliyobaki chache hivyo, hilo ni dhara.

Mgeni Mpya 7
Wakuu, nataka kuanza. Darubini gani ninunue? Dukani wananiambia yenye kukuza zaidi ndiyo bora.

Mpanda Sigi
Kwa msituni chukua ya 8 kwa 42. Inayokuza mara 12 au zaidi inatikisika mkononi na inaona eneo finyu, ndege keshahama tawi. Hiyo 8 ni mara inazokuza, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Chini ya miti kuna giza, unahitaji mwanga uingie. Na soksi ndefu, suruali uichomeke ndani, siafu wa Amani hawana salamu.

Kijana wa Mang'ula
Kwetu milima ya Udzungwa kuna kisa ambacho kila mpenzi wa ndege anapaswa kukijua. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini msituni, mmoja akaona miguu ya ndege ndani ya sufuria ya kitoweo. Hakuitambua. Ikawa ni kwale ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika, na ndugu zake wa karibu wako Asia! Anaishi misitu ya juu sana, kwa likizo ya siku chache hutamfikia. Mimi wageni wangu nawapeleka njia ya maporomoko ya Sanje, na nawaambia watulie pale wanaposikia mramba, yule ndege mweusi aitwaye drongo kwa Kiingereza, akipiga kelele. Mramba huambatana na kundi la ndege mchanganyiko, wengine chini, wengine katikati, wengine juu, wanapita pamoja wakiokota wadudu. Unaweza kutembea saa nzima kimya, halafu dakika tano ukaona aina kumi. Chagua nani wa kumtazama kwanza, ukizungusha darubini ovyo unawakosa wote.

Mwana Kibira
Salamu toka Burundi. Kibira yetu imeungana na Nyungwe ya Rwanda. Shorobo mkubwa wa bluu yuko huko, mkubwa kama kuku.

Mtoto wa Chai
Nimezaliwa kwenye mashamba ya chai ya Amani, baba alikuwa mchumaji. Nawaombea hondohondo naye apewe nafasi yake. Asubuhi unamsikia mabawa kabla hajatokea, hewa inavuma. Jike akitaka kutaga anajifungia ndani ya shimo la mti, mlango unazibwa kwa udongo, unabaki ufa tu, na dume anamlisha matunda kupitia hapo mpaka makinda yakue. Tulikuwa na mti mmoja nyuma ya nyumba za wafanyakazi, tukitoka shule tunakwenda kumngoja dume arudi.

Ila mjue pia kwamba huyuhuyu hondohondo ndiye anayesambaza mbegu za Maesopsis, mti ulioletwa kutoka nje na sasa umejaa kwenye mapengo ya msitu wetu. Anakula tunda, anaidondosha mbegu mbali. Hana kosa, sisi ndio tulioupanda. Mkipita barabara ya Sigi kwenda juu, mwambieni mwongozaji awaonyeshe mti huo, kisha awaonyeshe na miti mikubwa ya asili yenye mashimo. Hondohondo anakula kwenye ule, lakini nyumba anaipata kwenye hii mikongwe tu.

Binti Korogwe
Mtoto wa Chai, miezi gani majike wanakuwa wamejifungia? Nataka kumleta mwanangu na daftari lake.